Mfungwa wa Ventotene na Kura ya Mataifa Mengi

Katika lugha yetu kuna vitenzi viwili ambavyo wanasiasa hupenda kuvichanganya, navyo ni kuchagua na kuteua. Wazee wetu waliposema kuteua walikusudia kuchambua vitu na kutwaa kilicho bora, kama mkulima ateuavyo mbegu za kupanda. Katika uwanja wa siasa maana hiyo imefinyika. Anayeteua sasa ni mwenye mamlaka, na aliyeteuliwa hana budi kumtazama usoni aliyempa cheo. Anayechagua ni mwananchi mwenye kura yake, na aliyechaguliwa hujua kwamba siku moja atarudi kwa mwananchi huyo kuomba tena. Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, huwaambia wanafunzi wangu kwamba tofauti hii haiishii katika kamusi. Inaweza kubadilisha mizani ya madaraka katika nchi moja, na hata katika nchi nyingi zilizoungana.

Leo napenda kuwasimulia wasomaji maisha ya mtu aliyeingia katika bunge moja kwa milango yote miwili, kwanza ule wa uteuzi, kisha ule wa uchaguzi. Mtu huyo ni Altiero Spinelli wa Italia, na bunge lenyewe ni Bunge la Ulaya. Nina sababu ya kumchagua yeye. Sisi wa Afrika Mashariki tunalo bunge letu la pamoja huko Arusha, na swali lililomshughulisha Spinelli hadi kufa kwake bado liko mlangoni petu.

Spinelli alizaliwa mjini Roma tarehe 31 Agosti 1907. Baba yake alikuwa mfuasi wa siasa za kisoshalisti, na nyumba yao haikuwa ngeni kwa mijadala. Alipokuwa kijana, Benito Mussolini alikuwa amekwisha kutwaa serikali tangu mwaka 1922, na vyama vya upinzani vilikuwa vikibanwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1924 Spinelli alijiunga na Chama cha Kikomunisti. Mnamo Juni 1927, akiwa na umri wa miaka 19, alikamatwa mjini Milan. Mahakama maalum ya utawala wa Kifashisti ilimhukumu kifungo cha zaidi ya miaka 16. Akakaa gerezani miaka kumi, kisha badala ya kuachiliwa akapelekwa uhamishoni katika visiwa, kwanza Ponza na baadaye Ventotene, kisiwa kidogo kilichoko katika bahari iliyo magharibi ya Italia.

Gereza lina tabia ya kumvunja mtu au kumfanya mwanafunzi. Spinelli alisoma sana humo, na kadiri alivyosoma ndivyo imani yake katika chama chake ilivyopungua. Alipozilaani kesi za Stalin zilizowaangamiza watu huko Urusi, chama kilimfukuza mwaka 1937. Hivyo alijikuta mfungwa wa Mafashisti huku akitengwa na Wakomunisti waliofungwa pamoja naye. Upweke huo ulimsukuma kwa watu wengine kisiwani, hasa mwanauchumi Ernesto Rossi na mwanafalsafa Eugenio Colorni.

Mwaka 1941, majeshi ya Hitler yakiwa yameikalia sehemu kubwa ya bara la Ulaya, wafungwa hawa waliandika waraka ambao leo unajulikana kwa jina la kisiwa chao. Uliandikwa juu ya karatasi nyembamba za kusokotea sigara, na wanawake waliokuwa wakija kisiwani, akiwamo Ursula Hirschmann, mke wa Colorni, na Ada Rossi, mke wa Ernesto, waliusafirisha kwa siri hadi bara. Hoja yao ilikuwa kwamba chanzo cha vita vile hakikuwa Hitler peke yake. Chanzo kilikuwa dola zisizotambua sheria yoyote iliyo juu yao. Madhali kila taifa lilikuwa hakimu wa kesi yake lenyewe, vita vingerudi. Kwa hiyo walitaka shirikisho la Ulaya ambalo mamlaka yake yangetoka kwa raia moja kwa moja, wala si kwa hisani ya serikali.

Mussolini aliangushwa mnamo Julai 1943, na mwezi uliofuata Spinelli akawa huru. Alikuwa amefungiwa tangu ujana wake, na sasa alikuwa akikaribia miaka 36. Kabla ya mwezi Agosti kwisha, alikuwa Milan akiunda harakati ya kupigania shirikisho hilo. Colorni hakuuona mwisho wa vita. Mafashisti walimuua mjini Roma mwaka 1944. Baadaye Spinelli alimwoa Ursula, naye akawa mshirika wake katika kazi hiyo maisha yote.

Vita vilipokwisha, Ulaya ilifuata njia ambayo Spinelli hakuipenda. Wapo walioamini, kama Mfaransa Jean Monnet, kwamba mataifa yaungane hatua kwa hatua, yakianza na makaa ya mawe na chuma cha pua, kisha biashara, na siasa ije nyuma. Spinelli aliona kwamba njia hiyo ingejenga ofisi za wataalamu bila ya kumpa mwananchi sauti. Mapema katika miaka ya 1950 alimsihi Waziri Mkuu wa Italia, Alcide De Gasperi, aambatanishe mpango wa jeshi la pamoja na bunge litakalochaguliwa na raia. Mpango ulikaribia kufaulu, lakini tarehe 30 Agosti 1954 Bunge la Ufaransa likauzika.

Yafaa nieleze sasa bunge la pamoja la Ulaya lilivyokuwa katika miaka hiyo. Lilianza kukutana mwaka 1952 kama baraza la Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma. Wajumbe wake walikuwa wabunge wa nchi zao walioteuliwa na mabunge yao kwenda kuketi Strasbourg siku chache kwa mwaka. Mjumbe alikuwa na kazi mbili, na ile ya nyumbani ndiyo iliyompa mkate wake wa kisiasa. Tena aliyeteua aliweza pia kuacha kuteua. Chama cha Kikomunisti kilikuwa cha pili kwa ukubwa nchini Italia, kikipigiwa kura na mamilioni ya watu, lakini Bunge la Italia halikupeleka Mkomunisti hata mmoja Strasbourg hadi mwaka 1969. Wapiga kura wale walikuwapo katika hesabu ya idadi ya watu wa Ulaya, ila hawakuwapo katika sauti yake. Huo ndio ubaya wa uteuzi: unaweza kulifuta kundi zima la wananchi bila ya mtu yeyote kuvunja sheria.

Mkataba wa Roma wa mwaka 1957 ulikuwa umeahidi uchaguzi wa moja kwa moja, lakini serikali ziliiweka ahadi hiyo kabatini kwa karibu miaka 20. Kuanzia 1970 Spinelli alikuwa mmoja wa makamishna wa Jumuiya mjini Brussels, akishughulikia viwanda, akajionea kwa macho yake jinsi mapendekezo yalivyokwama mezani kwa mawaziri. Mwaka 1976 aliacha kazi hiyo akagombea ubunge nchini Italia, akiwa mgombea huru katika orodha ya Wakomunisti, chama kile kile kilichomfukuza karibu miaka 40 kabla. Alishinda, na Bunge la Italia likamteua kuwa mjumbe wake katika Bunge la Ulaya. Huo ulikuwa mlango wa kwanza.

Mlango wa pili ulifunguliwa mnamo Juni 1979. Kwa mara ya kwanza katika historia, raia wa nchi tisa walipiga kura katika juma moja kulichagua bunge moja. Waingereza, Waholanzi, Wadenmark na Waireland walipiga tarehe 7, siku ya Alhamisi. Wengine wakapiga Jumapili tarehe 10, kila watu kwa desturi yao. Viti vilikuwa 410. Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia na Uingereza zilipewa 81 kila moja, Uholanzi 25, Ubelgiji 24, Denmark 16, Ireland 15 na Luxembourg sita. Msomaji mwenye kupenda hesabu ataona kwamba mgawo huo haukulingana na idadi ya watu. Mbunge mmoja wa Luxembourg aliwakilisha watu takriban 60,000, na mwenzake wa Ujerumani Magharibi takriban 750,000. Ndiyo bei ya muungano: wadogo hupewa zaidi ya haki yao ya kihesabu ili wasimezwe na wakubwa.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba kila nchi iliruhusiwa kutumia kanuni zake za kuhesabu kura. Nchi nyingi zilitumia orodha za vyama, kila chama kikapata viti kwa uwiano wa kura zake. Uingereza ilishikilia utaratibu ambao sisi Wakenya tuliurithi kwake, wa mshindi mmoja katika kila eneo, isipokuwa Ireland ya Kaskazini. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Chama cha Conservative kilipata karibu nusu ya kura kikatwaa viti 60. Labour ikapata karibu theluthi moja ya kura na viti 17 tu. Waliberali, waliopata zaidi ya asilimia 12, hawakupata hata kiti kimoja. Kwa hiyo kanuni ya nchi moja ililipa kundi la wahafidhina viti kama 20 vya ziada katika bunge la nchi tisa. Uingereza iliendelea hivyo hadi mwaka 1999, ilipoingia katika utaratibu wa uwiano. Anayedhani kwamba kura ni kura tu na kanuni ya kuhesabu ni kazi ya makarani, naautazame mfano huo.

Jambo la tatu ndilo geni zaidi kwetu. Wabunge hao hawakuketi kwa mataifa yao. Waliketi kwa jamaa za kisiasa: Wasoshalisti 113 pamoja, Wademokrasia wa Kikristo 107 pamoja, na wengineo. Mjerumani na Mfaransa, ambao baba zao walipigana, waliweza kuwa upande mmoja dhidi ya Mjerumani na Mfaransa wa upande wa pili. Hakuna jamaa iliyokuwa na wingi wa kutosha. Aliyetaka kupitisha neno alilazimika kuvuka mipaka ya nchi na ya chama pia.

Spinelli, aliyechaguliwa safari hii na wananchi wenyewe, alilielewa hilo kuliko wengi. Alikuwa mtu huru katika kundi la Wakomunisti lenye viti 44, na kwa nguvu za kundi hilo asingefika popote. Hata hivyo alitambua kwamba bunge lililochaguliwa lilikuwa na kitu ambacho lile la uteuzi halikuwa nacho, yaani uhalali wake lenyewe. Dalili ilionekana mapema. Mnamo Desemba 1979, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa, bunge hilo liliikataa bajeti nzima ya Jumuiya. Tarehe 9 Julai 1980 Spinelli alikula chakula cha jioni pamoja na wabunge wengine wanane wa vyama na nchi mbalimbali katika mkahawa mmoja wa Strasbourg wenye jina la mamba. Wakakubaliana kwamba bunge lao liandike lenyewe msingi mpya wa Ulaya, bila ya kungojea serikali. Klabu ya Mamba ikakua, kamati ikaundwa, na Spinelli akawa mwandishi wake mkuu. Kwa miaka miwili alikwenda kwa Wakristo, kwa Wasoshalisti, kwa Waliberali na kwa wahafidhina, akipunguza hapa na kuongeza pale. Tarehe 14 Februari 1984 rasimu yake ya mkataba wa Umoja wa Ulaya ilipigiwa kura. Walioikubali walikuwa 237, walioikataa 31, na 43 hawakuegemea upande wowote.

Kabla ya hapo, mnamo Septemba 1983, alikuwa amewakumbusha wenzake kisa cha mvuvi mzee wa Hemingway, aliyemnasa samaki mkubwa kuliko wote maishani mwake, lakini papa wakamla njiani, mzee akafika bandarini na mifupa mitupu. Aliwaonya kwamba na wao wangeweza kufika na mifupa. Onyo lake lilitimia kwa kiasi kikubwa. Serikali ziliisifu rasimu, zikaiweka kando, zikaandika mkataba wao wenyewe uliotiwa saini mnamo Februari 1986. Ndani yake bunge lilipewa nafasi ya kushirikiana katika kutunga sheria, lakini neno la mwisho likabaki kwa mawaziri. Spinelli aliuona kuwa ni mdogo mno. Alifariki mjini Roma tarehe 23 Mei mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 78, akazikwa Ventotene, kisiwa alichowahi kupelekwa kwa nguvu.

Je, alishindwa? Mimi sioni hivyo. Mlango uliofunguliwa kidogo mwaka 1986 uliendelea kupanuliwa. Mkataba wa Maastricht wa 1992 ulilipa bunge haki ya kutunga baadhi ya sheria pamoja na mawaziri, na Mkataba wa Lisbon, ulioanza kutumika mwaka 2009, ukaufanya utaratibu huo kuwa wa kawaida. Katika uchaguzi wa Juni 2024 nchi zilikuwa 27 na viti 720. Jamaa mbili kubwa, zilizokuwa zimezoea kugawana bunge baina yao, zilipoteza wingi wao wa pamoja mwaka 2019 na hazikuurudisha. Tangu hapo hakuna kiongozi wa Halmashauri ya Ulaya anayeweza kupata kazi bila ya kubembeleza kundi la tatu. Na usiku ule ule wa tarehe 9 Juni 2024 Rais wa Ufaransa alilivunja bunge la nchi yake kwa sababu ya kipigo alichopata katika kura ya Ulaya. Kura ya mataifa mengi ilikuwa imeitikisa serikali ya taifa moja.

Haki yanitaka niseme pia upande wa pili. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa takriban asilimia 62 mwaka 1979. Mwaka 2014 walishuka chini ya 43, na mwaka 2024 walikuwa karibu 51. Bunge lilivyozidi kupata nguvu, wengi walizidi kukaa nyumbani. Aghalabu wapiga kura hutumia kura hiyo kuiadhibu serikali ya kwao, huku mambo ya Ulaya yenyewe yakisahauliwa. Uchaguzi wa moja kwa moja si dawa ya kila ugonjwa. Lakini asilimia 51 ya watu ni mamilioni, na asiyepiga kura leo anaweza kuipiga kesho. Aliyenyimwa kura hana la kufanya ila kungoja.

Na sisi je? Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini Arusha mwaka 1999 uliweka Bunge la Afrika Mashariki, likaanza kazi mwaka 2001. Kifungu cha 50 kinasema kwamba bunge la kila nchi litachagua wajumbe tisa wasio wabunge wake, wenye kuakisi kadiri iwezekanavyo vyama, mielekeo ya maoni, jinsia na makundi maalum. Neno lililotumika ni kuchagua. Mwaka 2006 huku Kenya majina yaliyotoka vyamani yalipitishwa na kamati ya bunge, kisha yakahesabiwa kuwa yamechaguliwa, pasipo bunge lenyewe kupiga kura. Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake walipeleka shauri mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mnamo Novemba 2006 mahakama iliwazuia wajumbe wale kuapishwa, na tarehe 30 Machi 2007 ikaamua kwamba kilichofanyika hakikuwa uchaguzi kwa maana ya Mkataba. Nchi nzima ilikuwa imeingia mahakamani juu ya maana ya kitenzi kimoja. Mwanaisimu hawezi kupata ushahidi mkubwa zaidi kwamba maneno yana meno.

Lakini tazameni serikali zilivyojibu. Kabla hukumu haijatolewa, mnamo Desemba 2006, wakuu wa nchi waliurekebisha Mkataba, wakaongeza sababu za kuwaondoa majaji na kuanzisha kitengo cha rufaa. Mbunge aliyechaguliwa na wananchi angesimama kuuliza maswali makali. Mbunge wa kuteuliwa na wakubwa wa chama angeuliza nini, ilhali kiti chake chenyewe ndicho kilichokuwa kesini?

Ninasikia wakisema kwamba uchaguzi wa moja kwa moja ni ghali, kwamba wananchi hawaijui Jumuiya, na kwamba nchi kubwa zitazimeza ndogo. Hoja ya tatu haina msingi, kwani kila nchi ina viti tisa, iwe na watu wengi au wachache. Hoja ya pili inageuza mambo: wananchi hawaijui Jumuiya kwa sababu hakuna aliyewahi kuwajia kuomba kura kwa jina lake. Siku mgombea atakapolazimika kusimama Busia, Namanga au Lunga Lunga kuwaeleza wachuuzi atakavyowapunguzia adha ya mpakani, atalazimika kulisoma jambo hilo kwanza. Tena atalazimika kulieleza kwa Kiswahili, maana Kiingereza cha vikao vya Arusha hakitampa kura sokoni. Hoja ya gharama ndiyo yenye uzito, lakini kura hiyo yaweza kupigwa siku moja na uchaguzi mkuu wa kila nchi, karatasi moja ikiongezwa juu ya zile zilizopo, kwa orodha za vyama na kwa uwiano ili makundi madogo yasifutwe kama Waliberali wa Uingereza mwaka 1979.

Ulaya ilingoja miaka 22 tangu ahadi ya Roma hadi kura ya kwanza, nayo isingeipata kama watu wa aina ya Spinelli wangechoka kuidai. Sisi hatuna hata ahadi. Kifungu cha 50 hakimtaji mwananchi. Mahali pa kuanzia, kwa hiyo, ni hapo katika Kifungu cha 50, na wa kuanza ni wale wajumbe tisa tisa wanaoketi Arusha. Nao watakuwa wakipendekeza mlango ambao wao wenyewe hawakuupitia, na huenda wengine wao wasiweze kuupita.